Revolva ya Mjomba

Walitaka kuniruka. Vita vilianzia hapo, na mtu akikuambia vilianza kwa sababu ya bunduki, mwambie aje aniulize mimi.

Kwetu Kongolo, kule Katanga, binti wa dada yangu ni mtoto wangu. Baba yake anaweza kuwa mkubwa wa namna gani, haidhuru. Siku ya kumtoa binti, mjomba ndiye anayeketi mbele, na mjomba ndiye anayepewa bunduki. Enzi za babu yangu ilikuwa gobori, ile ya kushindilia baruti. Mjomba anaipokea, anatoka nje, anapiga hewani mara moja, na watu wote wanasikia kwamba mtoto amekwenda kwa wenyewe. Asipopiga, hajamtoa. Hapa Brussels watu wamekuwa wavivu. Wanaleta bahasha, wanaandika juu yake neno "bunduki", na wajomba wanaipokea wakicheka. Sijawahi kumlaumu mtu kwa hilo.

Lakini Jean-Baptiste, aliyetaka kumposea mwanawe Keren, binti wa dada yangu, hakuleta hata bahasha. Alikuja mara ya kwanza na mkewe Bibiane na mwanawe Guylain, kijana mpole aliyekuwa akisomea uuguzi kule Woluwe. Walipanda ngazi zetu za Saint-Josse mpaka juu kabisa. Dada yangu Berthe akawapa viti vyote vizuri, mimi nikakaa juu ya ndoo niliyoigeuza. Jean-Baptiste ni mtu wa Bukavu, shingo nene, kazi ya ofisi, fleti Etterbeek. Alipangusa kiti kwa leso kabla ya kuketi. Kisha akafungua mdomo.

"Bon. Sisi tuko batu ba kisasa, na tuko Ulaya. Hizi mambo ya mujomba, na heshima yote, tunaweza kuiruka, ama namna gani?"

Akaniangalia kama mtu anavyoangalia kabati lililomzibia njia.

"Ruka," nikamwambia. "Na ngazi pia uziruke, utafika barabarani mbio."

Berthe akaniita jina langu, Mwenze, kwa sauti ile ya mama yetu. Sikumsikiliza. Nikasimama, ndoo ikabingirika, nikasema mbele ya wote: "Nataka bunduki. Haiko bahasha. Bunduki ya chuma, yenye kupiga, na nitaipiga miye mwenyewe, na mukono yangu, bote mukiangalia. Kama sikupiga, Keren hatoke mu nyumba hii."

Nilidhani nimemaliza kazi. Mtu mwenye kuvaa tai ataipata wapi bunduki ya kumpa mjomba mjini Brussels? Sikujua kwamba yule bwana ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Hapo mdomo wangu ulinipeleka mahali miguu yangu isingekwenda.

Walirudi Jumapili moja ya baridi kali, baada ya misa. Asubuhi ile, kabla hatujatoka kwenda kanisani, Keren alinifunga vifungo vya koti kama anavyofanya kila baridi inapoanza, kuanzia chini mpaka kwenye kola. Alifunga bila kuniangalia.

"Tonton, papa ya Guylain ameapa. Leo ikiharibika, harudie tena. Na Guylain hawezi kuoa bila baba yake, namujua. Hii ni ndoa yangu, haiko vita yako."

"Nimeharibu nini? Niliomba bunduki tu."

"Uliomba bunduki sababu ulijua haitapatikana."

Mtoto huyu nimemlea tangu alipokuja kutoka Kalemie na masikio makubwa na meno machache, na hajawahi kunidanganya. Ni tabia mbaya sana kwa mtu unayeishi naye.

Basi walikuja, wakaketi, na safari hii Jean-Baptiste hakupangusa kiti. Alikuwa na haraka. Akaweka mezani kasha la mbao lenye kufuli, akalifungua, akaligeuza lielekee kwangu.

"Bunduki ya mujomba," akasema.

Ilikuwa revolva, imelala juu ya kitambaa chekundu kama askofu ndani ya jeneza.

"Hii ni nini?"

"Si nimesema? Bunduki."

"Bunduki inashikwa na bega. Hii inakaa mu mufuko. Umeniletea kitu ya polisi wa filimbi."

"Polisi!" Aligeuka kwa mkewe kana kwamba nimemtemea. "Umesikia? Papa Mwenze, hii ni magnum. Trois cinquante-sept. Unajuwa trois cinquante-sept ni nini, weye?"

"Nilibeba revolva mbele weye ujue kufunga viatu."

Na si uongo. Ujanani nilimbebea silaha mzungu mmoja aliyekuwa akipima mawe kwenye milima ya Mitwaba. Revolva yake ilikuwa kwa ajili ya chui, na nadhani kwa ajili yetu sisi wabebaji pia. Tangu hapo nimetembea sana, Kigoma, Ndola, Luanda, kisha Antwerpen, na kila mahali nimekutana na silaha zaidi kuliko nilivyokutana na watu wema.

Nikaichukua ile ya kwenye kasha. Nia yangu ilikuwa kuipima kidogo, kuitukana, na kuirudisha. Lakini mkono hausikilizi moyo siku zote.

Ilikuwa ya umbo la kati. Zipo zile ndogo za kufichwa kwenye mkoba wa mwanamke, ambazo ukipiga risasi kubwa ndani yake, kiganja kinakulaani. Zipo zile kubwa mno, ukifunga moja kiunoni suruali inakuacha. Hii ilikaa katikati ya hizo. Ilikuwa nzito kiasi cha kumeza teke la risasi, na nyepesi kiasi cha kutembea nayo kutwa bila kuichukia. Mpini wa mbao uliingia mkononi ukatulia. Nikasukuma kidude cha pembeni, silinda ikatoka kushoto na matundu yake sita, matupu, masafi. Nikaizungusha kwa kidole, haikulia. Nikaifunga, ikasema tak, sauti ya mlango wa gari la daktari. Aliyeitengeneza hakuwa akifikiria chakula cha mchana.

Na ilikuwa ya namna ile wanayoiita double action. Maana yake, una njia mbili za kuipiga. Ya kwanza, unavuta tu gâchette, kile kichuma cha kidole, na kidole kimoja kinafanya kazi yote: silinda inazunguka, nyundo inapanda nyuma, halafu nyundo inaanguka. Ni mvuto mrefu na mzito. Ya pili, unainua nyundo kwanza kwa dole gumba mpaka ikae, na kazi inayobaki kwa kidole ni kugusa.

"Hein?" akasema Jean-Baptiste. Alikuwa ameniona nikiizungusha. "Na inakula risasi ya trois cinquante-sept, ile kubwa, inakula ya trente-huit pia, ile fupi. Mu mazoezi unaweka ndogo, kwa kazi ya kweli unaweka kubwa, chuma ni ile ile. Pistole automatique inaweza?"

"Pistole inabeba risasi mingi." Sipendi pistole za sanduku la risasi. Nilizitetea ili nimpinge tu.

"Mingi ya kufanya nini? Unataka kupiga Ubelgiji yote? Pistole ikikataa risasi moja, unabakia unaipiga makofi sawa redio. Revolver ikikataa, unavuta tena, ingine inakuya. Basi!"

Alisema kweli, na ukweli ulimkaa vibaya usoni kama kofia ya kuazima.

"Jean-Baptiste," akasema Bibiane, "tulikuya kuomba bibi. Hatukukuya kuuzisha silaha."

"Maman, mwache," nikasema. "Atuonyeshe kwanza vile anaipiga."

Akainyakua, tupu vile, akaelekeza dirishani, na kwa dole gumba akainua nyundo. Nilikuwa nimengoja hilo.

"Aah! Nilijua! Sawa cowboy wa sinema! Mwanaume anavuta tu, papa. Mwenye kuinua nyundo na dole, anaogopa bunduki yake."

Guylain akainamisha kichwa. Keren akafumba macho. Jean-Baptiste alivimba shingo mpaka kola ikalia.

"Mimi naogopa? Mimi navuta kila Jumamosi! Na weye je? Si weye njo mujomba? Si weye njo ulisema utapiga na mukono yako? Basi utavuta. Na kidole moja, bila dole, vile unavyojivuna. Na si siku ingine, ni leo. Stand ya kulenga shabaha iko wazi. Ukipiga, mutoto ni wetu. Ukishindwa, mimi na hii familia tumemalizana, na usinitafute."

"Twende," nikasema.

Ningesema nini kingine? Masharti yote yalikuwa yangu.

Stand yenyewe iko Etterbeek, chini ya ardhi, nyuma ya mkahawa mmoja. Unashuka ngazi zenye harufu ya bia na baruti. Aliyekuwa akiiangalia ni Madame Lucienne, mwanamke wa hapahapa Brussels, mikono ya muuza samaki, sigara haijawashwa. Alituona tukishuka wote na vitenge vyetu vya kanisani, Berthe na kilemba chake kama tanga la meli, akauliza kwa Kifaransa chake kizito:

"Ni harusi au mapinduzi?"

"Harusi, madame," akasema Guylain.

"Basi wa kupiga mbele, wa kulia nyuma ya kioo. Na asiye na vifuniko vya masikio asije kunilalamikia kesho."

Wanawake na Guylain wakakaa nyuma ya kioo kama watu wanaongoja treni. Sisi wawili tukaingia na Madame Lucienne. Jean-Baptiste akapiga kwanza, bila kuombwa. Alivuta mara sita, hakuinua nyundo hata mara moja, na mimi niliyasikia mapigo yale kifuani licha ya vifuniko. Karatasi ya shabaha ilipoletwa, matundu yake yalikuwa yamekusanyika kwenye duara jeusi la katikati kama nzi juu ya sukari. Yule mtu alijua kupiga. Nilimchukia zaidi.

Akaijaza mwenyewe, akaiweka mezani mbele yangu, akarudi nyuma.

"Karibu, mujomba."

Nikashika mpini, nikanyoosha mkono, nikavuta.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Silinda ilianza kuzunguka, nyundo ikaanza kupanda, niliiona. Ikafika nusu ya njia. Hapo kidole kikasimama. Nilikiamuru. Kidole hiki kilipakua samaki wa barafu bandarini Antwerpen mpaka viungo vikavimba kama mafundo ya kamba, na sasa kilikuwa kimekataa kazi. Nikaiachia polepole, nyundo ikarudi ilikotoka. Nikauma meno, nikavuta tena. Nusu, na kusimama. Mtutu ukawa unaandika herufi hewani.

"Bwana, pumua," akasema Madame Lucienne.

Jean-Baptiste alinyanyua kifuniko kimoja cha sikio ili asipitwe na kitu. "Papa Mwenze! Bunduki njo inalala, ao ni weye?"

Niliishusha mezani. Ninataka mwelewe kwamba mlango ulikuwa wazi kabisa. Kwetu, bunduki ikimkataa mjomba, mambo yamekwisha, hakuna anayeuliza sababu. Ilinitosha kugeuka na kusema: imenikataa. Berthe angeshika mdomo. Hata Bibiane, na ukisasa wao wote, asingethubutu kubisha. Mambo yangevunjika kwa njia ya desturi, bila mtu kusema kidole changu kimezeeka, na yule bwana angeondoka na kasha lake bila binti. Sitasema sikuipenda picha hiyo. Niliipenda sana. Nilikaa nayo kidogo.

Kisha nikageuka kwenye kioo ili niseme.

Berthe alikuwa akisali. Guylain alikuwa ameshika kitasa cha mlango bila kukifungua. Keren hakuwa akiangalia karatasi ya shabaha wala uso wangu. Alikuwa akiangalia mkono wangu, mkono ule ambao haujaweza kufunga kifungo chochote tangu baridi ya mwaka juzi. Alikuwa amejua. Alijua tangu nyumbani, wakati naropoka habari za mwanaume kuvuta tu, na hakuniumbua mbele ya watu wale. Na nikajua kwamba nikisema bunduki imenikataa, hatasema neno. Atarudi nami Saint-Josse kwa basi, na kesho asubuhi atanifunga koti, kuanzia chini mpaka kwenye kola.

Hilo sikuliweza.

Nikairudia meza. Nilimtukana Jean-Baptiste kimoyomoyo, yeye na baba yake na ziwa lao la Kivu. Nikashika revolva kwa mikono miwili, nikaweka madole gumba yote mawili juu ya nyundo, nikaisukuma nyuma. Ikapanda, ikapanda, ikakaa. Tak.

"Aaah!" Kelele zake zilipenya vifuniko. "Sinema! Cowboy wa Kongolo! Mumeona? Anaogopa bunduki yake! Bibiane, umeona?"

Alikuwa akipiga makofi, mtu mzima na tai. Nikamwacha. Nikalenga, na kidole changu kibovu kikagusa tu, kama mtu anavyogusa kikombe kujua kama chai imepoa.

Magnum haizungumzi kwa upole. Moto ulitoka, mtutu ukaruka, ila mwili wa ile silaha ulilimeza teke kama nilivyodhani, na mkono wangu ukabaki mahali pake. Nyuma ya kioo Berthe alipiga vigelegele, na alivyovipiga kwa nguvu nilivisikia hata chini ya vifuniko. Guylain akafungua mlango kabla ya ruhusa, Keren nyuma yake.

Madame Lucienne aliileta karatasi. Tundu langu lilikuwa chini kabisa, ukingoni.

"Kama ni mtu," akasema, "amepoteza kiatu."

Keren hakuniambia kitu. Alinishika mkono, akaanza kunisugua kile kidole kwa viganja vyake, huku na huku, kama unavyosugua kijiti kupata moto. Nikamwambia aniache, watu wanaona. Hakuniacha.

Jean-Baptiste alitoa risasi zilizobaki, akafunga kasha lake. Tukatazamana.

"Nimepiga," nikasema. "Mutoto ni wenu. Lakini weye sikupendi."

"Na miye vilevile. Na haukuvuta. Uliinua nyundo."

"Nilisema nitaipiga na mukono yangu. Nilitumia mbili. Unalalamika nimekuzidishia?"

Bibiane akampiga mumewe begani kwa mkoba kabla hajajibu.

Keren na Guylain walifunga ndoa kwenye komini yetu, yaani ofisi ya mtaa, kisha kanisani, mvua ikanyesha, wali ukaungua, kila kitu kilikuwa kama inavyotakiwa.

Kumbe bunduki haikuja kwetu. Sheria ya hapa inataka karatasi ya polisi, na karatasi ni ya jina lake, kwa hiyo silaha inalala kwenye kabati lake la chuma. Kwa desturi ni yangu, kwa karatasi ni yake. Na mwenye bunduki hawezi kuiacha ipate kutu mikononi mwa mtu wa ofisini. Basi kila mwezi, Jumapili moja, napanda basi hadi Etterbeek, napiga kengele ya mtu nisiyempenda, naketi jikoni kwake na matambara na mafuta. Ananipa kahawa. Anakaa mbele yangu, ati sheria inamtaka awepo. Namwambia anaweka mafuta mengi mno. Ananiambia watu wa Katanga hawajui hata kupaka mkate siagi. Bibiane huenda sebuleni na kuongeza sauti ya televisheni.

Juzi nilimaliza kuisafisha, nikahakikisha matundu yote ni matupu, na kwa mazoea tu nikaielekeza ukutani nikavuta. Sikutegemea kitu. Silinda ikazunguka, nyundo ikapanda, ikapita nusu ya njia, ikafika nyuma, ikaanguka. Tak. Nikavuta tena. Tak. Kidole hakikusimama.

Nikaiweka mezani.

"Nani aligusa bunduki yangu?"

Jean-Baptiste alikuwa akikoroga kikombe chake ambacho hakina sukari. "Nani atagusa kitu yako?"

"Umebadilisha ressort, springi ya nyundo. Umeweka laini."

"Ilikuwa imechoka. Fundi alisema. Sikuitengeneza kwa ajili yako."

"Mjinga weye! Ressort laini, nyundo inapiga kidogo. Siku moja risasi itakataa."

"Ikikataa, utavuta tena," akasema. "Ingine inakuya. Si nilikuambia siku ile? Hausikiaka."

Nilimwambia kahawa yake ni maji ya kuoshea sufuria. Akamimina nyingine.